Nyumba Inayoufuata Upepo: Hotuba juu ya Vinu vya Upepo vya Uingereza

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wetu, wanafunzi wa ufundi na wa historia, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie jengo moja la kale la Uingereza, nami nimechagua kinu cha upepo, kwa sababu sijui jengo jingine ambalo kila boriti yake, kila ngazi yake na hata mwinamo wa kuta zake vinaweza kuelezwa kwa kutaja shida ambayo fundi alikuwa akijaribu kuitatua. Shida yenyewe ni upepo. Maji ya mto yana njia yake, na anayejenga kinu cha maji hujua tangu siku ya kwanza yatatoka wapi na yataelekea wapi. Anaweza hata kuyakinga kwa bwawa na kuyafungulia atakapoyahitaji. Upepo haukingiki wala hauwekwi akiba. Asubuhi huvuma kutoka magharibi, jioni ukageukia kusini, na uliokuwa mwanana saa moja iliyopita huweza kuwa dhoruba kabla gunia moja la ngano halijamalizika kusagwa.

Kwa hiyo fundi wa kinu cha upepo alikuwa na maswali mawili ambayo hakuweza kuyakwepa. La kwanza: nyumba hii, au sehemu yake, itageukaje ili iutazame upepo popote unapotoka? La pili: mabawa yatapokeaje nguvu ya kutosha kuzungusha mawe mazito, bila kuvunjwa na nguvu iliyozidi? Historia ya ujenzi wa vinu hivi, kwa muda wa zaidi ya miaka mia saba, ni historia ya majibu ya maswali hayo mawili, na ndivyo nitakavyoieleza.

Mwaka 1086, maofisa wa Mfalme William wa Kwanza walipoandika orodha kubwa ya mali za nchi, walihesabu vinu vya maji zaidi ya 5,000, lakini hawakutaja kinu hata kimoja cha upepo. Kimya hicho ni ushahidi mzito, maana watu wale walikuwa wakitafuta kila kitu kinachoweza kumwingizia mtawala mapato, na kinu kilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuandikwa. Miaka mia moja baadaye hali imekwisha kubadilika: hesabu za mwaka 1185 zinataja kinu cha upepo huko Weedley, Yorkshire, kilichokodishwa kwa shilingi nane kwa mwaka. Uajemi ilikuwa na vinu vya upepo muda mrefu kabla ya hapo, lakini vile vilizungushwa na mhimili uliosimama wima. Kinu kilichotokea kaskazini mwa Ulaya katika karne ya 12 kilikuwa na mhimili uliolala, huku mabawa yake yakisimama mbele ya jengo kuukabili upepo, na umbo hilo ndilo lililoenea Uingereza nzima.

Kuenea kwake kuligusa madaraka mara moja. Katika nchi ile, haki ya kusaga nafaka ya watu ilikuwa mali ya bwana wa ardhi. Wakulima waliokaa chini yake walilazimika kupeleka nafaka yao kwenye kinu chake na kuacha sehemu ya nafaka hiyo kuwa malipo. Mto ulikuwa na mwenyewe, basi na kinu cha maji kilikuwa na mwenyewe. Upepo je? Mtawa Jocelin wa Brakelond, aliyeandika habari za abasia ya Bury St Edmunds, anasimulia kwamba mwaka 1191 kasisi mmoja aitwaye Herbert alijenga kinu cha upepo katika eneo la Haberdon bila ruhusa. Abati Samson, mkuu wa abasia hiyo, aliposikia alikasirika hata akaapa kwamba hatakula mkate mpaka jengo hilo libomolewe. Herbert alijitetea kwamba faida ya upepo ni ya bure, wala haifai mtu yeyote kunyimwa, na kwamba alikusudia kusaga nafaka yake mwenyewe tu. Abati hakukubali: wenyeji wangehamia kwa Herbert, na yeye abati asingekuwa na njia ya kisheria ya kuwazuia. Mwishowe Herbert alikibomoa kinu chake kwa amri yake mwenyewe, hivi kwamba watumishi wa abati walipofika hawakukuta kitu cha kubomoa. Nimeitaja habari hii kwa sababu inatuonyesha mapema kabisa kwa nini kinu cha upepo kilipendwa: kingeweza kusimama mahali pasipo na mto, juu ya kilima au katika tambarare kavu, penye nafaka nyingi na maji machache. Ndiyo maana kilistawi hasa mashariki na kusini mashariki mwa nchi, katika Suffolk, Norfolk, Lincolnshire, Kent na Sussex.

Sasa tuje kwenye ujenzi wenyewe. Jibu la kwanza la swali la mwelekeo lilikuwa la ujasiri mkubwa: geuza nyumba yote. Kinu cha nguzo, ambacho ndicho aina kongwe, ni nyumba ya mbao inayobebwa na nguzo moja kubwa ya mwaloni, nayo nyumba hiyo pamoja na mabawa, mawe, magunia na msagaji mwenyewe huzunguka juu ya ncha ya nguzo hiyo. Chini kabisa hulazwa boriti mbili zinazopishana kwa umbo la msalaba, na ncha zake nne hukaa juu ya nguzo fupi za matofali. Kutoka karibu na ncha hizo hupanda mihimili minne ya mshazari hadi ubavuni mwa nguzo kuu, na hiyo ndiyo inayobeba uzito. Kinachonistaajabisha kila mara ni kwamba katika kinu kilichojengwa vizuri kitako cha nguzo kuu hakikandamizi ule msalaba: kimekatwa ili kiupande pande zote mbili na kuuachia nafasi ndogo, hivyo uzito wote hupitia kwenye mihimili ya mshazari na kushuka nje kwenye matofali, wakati boriti za msalaba zinavutwa tu ili ncha zisitanuke. Mafundi waliobuni mpango huu hawakuwa na hesabu za nguvu kama tunazofundisha leo, lakini walijua kwa hakika boriti ipi inabanwa na ipi inavutwa.

Juu ya ncha ya nguzo hulala boriti nyingine nene, na kutoka kwenye boriti hiyo nyumba nzima huning'inia. Kwa kawaida ina ghorofa mbili: mawe juu, na unga chini. Nyuma hutokeza mti mrefu wa mkia pamoja na ngazi ya kupandia. Upepo ulipobadilika, msagaji alishuka, akainua ngazi, akausukuma mti ule kwa bega, au akaufunga kwa kamba kwenye kigingi na kuuvuta kwa winchi ndogo, mpaka mabawa yautazame upepo tena. Alifanya hivyo mchana na usiku. Katika kijiji cha Bourn, Cambridgeshire, kipo bado kinu cha aina hii kinachotajwa katika hati ya mauzo ya mwaka 1636, na miguu yake ya mwaloni iko wazi bila chumba cha kuizunguka, kwa hiyo mtu anaweza kusimama chini yake na kusoma muundo wote niliouelezea. Baadaye wengi walijenga chumba cha mviringo kuizunguka miguu hiyo, ili mvua isiiozeshe na magunia yapate pa kuwekwa. Saxtead Green, Suffolk, kinu kimoja kiliinuliwa zaidi ya mara moja juu ya chumba cha namna hiyo ili mabawa yapate upepo mzuri zaidi.

Hatari ya kinu cha nguzo ilikuwa ni ile ile ya fadhila yake. Nyumba iliyojengwa ili isukumwe kutoka mbele haiko tayari kusukumwa kutoka nyuma. Kinu cha Pitstone, Buckinghamshire, chenye mwaka 1627 uliochongwa kwenye mbao zake, kilifanya kazi kwa karne kadhaa. Mwaka 1902 dhoruba ya ghafla ilikishika vibaya na kukiumiza kiasi kwamba mwenyewe hakuona faida ya kukitengeneza. Kilikaa hivyo miongo mingi. Mwaka 1937 kilikabidhiwa kwa shirika la National Trust, mwaka 1963 watu wa kujitolea walianza kukifufua, na mwaka 1970 kikasaga nafaka kwa mara ya kwanza tangu dhoruba ile.

Ulikuwepo pia mpaka wa ukubwa. Nyumba inayopaswa kugeuka yote haiwezi kuongezwa ghorofa bila kikomo, wala kubeba jozi tatu au nne za mawe. Wazo lililofuata likawa kuliacha jengo litulie na kugeuza kichwa chake tu. Hapo ndipo ulipozaliwa kinu cha mnara: ukuta wa mawe au matofali uliosimama imara, na juu yake kofia ya mbao inayozunguka juu ya pete, ikiwa imebeba mhimili na mabawa. Uingereza ilikuwa na mnara wa namna hiyo kwenye ngome ya Dover tangu mwishoni mwa karne ya 13, lakini gharama zake zilikuwa kubwa, na kwa muda mrefu kinu cha nguzo kiliendelea kuwa cha kawaida. Kati ya hivi viwili kikaja cha tatu, ambacho Waingereza walijifunza kwa Waholanzi: mnara wa mbao wenye pande nane, uliofunikwa kwa mbao zinazopishana kama ngozi ya nje, mpana chini na mwembamba juu, ukisimama juu ya msingi wa matofali. Ulikuwa mwepesi kuliko mnara wa matofali, hivyo ulifaa hata penye udongo laini.

Mfano bora wa aina hii upo katikati ya mji mdogo wa Cranbrook, Kent. Kilijengwa mwaka 1814 na fundi James Humphrey kwa ajili ya Henry Dobell, nacho ndicho kirefu kuliko vyote vya aina yake nchini, takriban mita 22 hadi juu ya kofia. Urefu huo una sababu. Nyumba za mji hukinga upepo, basi mabawa yalilazimika kuinuliwa juu ya mapaa, na kwa kuwa msagaji hakuweza tena kuyafikia kutoka ardhini, jukwaa la mbao lilijengwa kuuzunguka mnara ili asimame hapo. Dobell alifilisika mwaka 1819, na umoja wa waliomdai ukakiendesha kinu kwa miaka kadhaa, ndiyo maana mpaka leo kinaitwa Union Mill, yaani Kinu cha Umoja.

Kuta za minara hii, za mbao au za matofali, huinama kuelekea ndani kadiri zinavyopanda. Mwinamo huo huwapa watazamaji furaha, lakini kazi yake ni kulipatia jengo uthabiti na kuyaachia mabawa nafasi ya kupita bila kugusa ukuta. Kwa sababu hiyo hiyo mhimili wa mabawa hautulizwi sawasawa. Mbele huinuliwa kidogo, ili mabawa yaegemee nyuma na uzito wake uingie ndani ya jengo.

Kofia ikiwa juu namna hiyo, nani ataigeuza? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa msagaji, kwa mnyororo na gurudumu kutoka chini. Mwaka 1745 mhunzi mmoja, Edmund Lee, aliyekuwa na kiwanda karibu na Wigan, alipata hataza ya kifaa ambacho nakiona kuwa miongoni mwa mambo mazuri kabisa katika historia ya uhandisi: feni ya mkia. Nyuma ya kofia, au kwenye mkia wa kinu cha nguzo, huwekwa gurudumu dogo la vibao, likiwa limekingamana na mabawa makubwa. Mabawa yanapoutazama upepo sawasawa, upepo hupita ubavuni mwa feni na feni hutulia. Upepo ukihama hata kidogo, huipiga feni kwa pembe, nayo huanza kuzunguka na kuendesha msururu wa gia ambao husogeza kofia taratibu mno, mpaka mabawa yautazame upepo tena na feni ikose cha kuisukuma. Hakuna mtu anayeamrisha. Chombo chenyewe hupima kosa lake, husahihisha, kisha huacha, na hii ni miaka mingi kabla wanafunzi wa uhandisi hawajaanza kufundishwa elimu ya mifumo inayojiongoza. Waholanzi, waliokuwa mabingwa wa vinu, kwa kawaida waliendelea kugeuza kofia zao kwa mikono. Feni ikawa alama ya kinu cha Kiingereza.

Swali la pili, la nguvu ya upepo, lilikuwa gumu zaidi. John Smeaton, mhandisi aliyejenga pia mnara wa taa wa Eddystone, aliisomea Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, mwaka 1759 matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa mabawa madogo ya mfano, akaonyesha kwamba nguvu inayopatikana hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi ya upepo. Maana yake ni nzito: upepo ukiongezeka kasi mara mbili, mabawa hupokea nguvu mara nane. Basi mfafanuo huo wa hesabu ndio unaotueleza kwa nini wasagaji walikuwa wakiiogopa dhoruba kuliko ukame wa upepo.

Mabawa ya zamani yalikuwa fremu za mbao zilizotandazwa turubai. Msagaji alisimamisha kinu kwa breki, akalileta bawa moja chini, akalikunja au kulikunjua turubai lake kwa kiasi alichoona kinafaa, akaachia breki kidogo, akalileta la pili, hata la nne. Alifanya kazi ya nahodha wa jahazi anayepunguza tanga kabla kaskazi haijamzidi, ila yeye alikuwa na matanga manne, na kila moja lilitaka kinu kisimame kwanza. Upepo ukizidi ghafla wakati kinu kinazunguka, breki ya mbao iliyobana gurudumu kubwa la meno iliweza kushindwa. Msuguano ulizaa cheche, na vinu vingi viliteketea kwa njia hiyo.

Mskoti Andrew Meikle aliondoa turubai mwaka 1772 na kuweka safu ya vibao vidogo vyenye bawaba, vilivyoshikwa na springi: upepo ukizidi, vibao hufunguka vyenyewe na kuupitisha. Hata hivyo springi ya kila bawa ilipaswa kukazwa peke yake, na kinu kikiwa kimesimama. Stephen Hooper alijaribu njia nyingine mwaka 1789, kwa vitambaa vidogo vinavyojiviringisha, ambavyo viliweza kurekebishwa pasipo kusimamisha kinu, lakini vilikuwa na sehemu nyingi na matunzo mengi. Aliyeziunganisha hekima hizo mbili ni William Cubitt wa Norfolk, mwaka 1807. Alichukua vibao vya Meikle, akaviunganisha vya mabawa yote kwa fito hadi katikati, na kutoka hapo akapitisha ufito mmoja ndani ya mhimili wenyewe, uliotobolewa kutoka mwisho hadi mwisho, ukatokea nyuma ya kofia. Huko nyuma mnyororo uliteremka hadi chini, na msagaji akatundika uzito juu yake. Uzito huo ndio uliovifunga vibao. Upepo uliposhinda uzito, vibao vilifunguka. Akitaka nguvu zaidi huongeza uzito, akitaka kusimamisha huuvuta mnyororo upande wa pili, wakati wote mabawa yakiendelea kuzunguka. Tukumbuke pia kwamba Cubitt huyu huyu, mwaka 1818, alibuni gurudumu la kukanyagwa na wafungwa magerezani, chombo kilichotesa maelfu ya watu kwa miongo mingi. Sioni haki kulisifu jambo la kwanza na kulinyamazia la pili.

Baada ya feni ya Lee na mabawa ya Cubitt, kinu cha Kiingereza kilikuwa kimejibu maswali yote mawili kwa kujiendesha. Kilichobaki ni kazi yenyewe ya kusaga, nayo ndiyo iliyopanga vyumba vya ndani.

Ndani ya mnara, nafaka hupanda mara moja na kushuka mara moja. Magunia huvutwa hadi juu kabisa kwa winchi inayoendeshwa na upepo wenyewe, yakipita kwenye milango ya sakafuni inayofunguka gunia linapoisukuma kutoka chini na kujifunga likishapita. Huko juu nafaka humwagwa katika masanduku makubwa, na kuanzia hapo uzito wake wenyewe huishusha: hadi ghorofa ya mawe, kisha kupitia bomba la mbao hadi ghorofa ya unga, kisha ndani ya gunia. Katikati ya jengo husimama mhimili wima, mara nyingi wa mwaloni au wa chuma, unaopokea mzunguko kutoka kwa mabawa na kuugawa kwa gurudumu kubwa la meno linaloendesha jozi moja baada ya nyingine ya mawe. Mara nyingi meno ya mbao ngumu hukutana na meno ya chuma, kwa kuwa mchanganyiko huo hupunguza kelele, hautoi cheche, na jino likivunjika fundi hulichonga jingine pale pale. Smeaton ndiye aliyetangulia kutumia mhimili wa mabawa wa chuma cha kusubu, mwaka 1754. Mihimili ya mbao ilikuwa ikioza shingoni, hasa palipotobolewa ili kushika mabawa.

Mawe ya kusagia hukaa mawili mawili, la chini limetulia na la juu linazunguka. Jiwe la juu huweza kuwa na uzito wa takriban tani moja, lakini halipaswi kuligusa lile la chini. Pengo kati yake ni jembamba mno, na katika pengo hilo ndimo ulimo ustadi wote. Mawe ya kijivu ya Derbyshire yalitosha kwa shayiri na chakula cha mifugo. Kwa unga mweupe wa ngano wasagaji walitaka jiwe gumu la Ufaransa, kutoka La Ferté-sous-Jouarre, ambalo halikupatikana kwa bamba zima, hivyo vipande vyake viliunganishwa kwa plasta na kufungwa kwa pete za chuma zilizopashwa moto. Nyuso za mawe huchongwa mifereji inayoanzia karibu na kitovu na kuelekea ukingoni. Mifereji hiyo hukata punje, huingiza hewa ili unga usiungue, na husukuma unga nje. Baada ya majuma machache ya kazi mifereji huisha makali, jiwe la juu huinuliwa na kupinduliwa, na fundi hulala ubavu siku nzima akilichonga upya kwa nyundo zenye ncha za chuma cha pua.

Upepo unapoongezeka, jiwe huzunguka kwa kasi na pengo huelekea kutanuka, na unga hutoka chenga. Kwa hiyo mwishoni mwa karne ya 18 viliwekwa vidhibiti vyenye mipira miwili inayozunguka: kasi ikipanda mipira huchanuka na kulishusha jiwe la juu kwa kiasi kidogo. Ilikuwapo pia kengele ndogo, iliyozuiwa na ukanda uliokandamizwa na uzito wa nafaka iliyomo ndani ya sanduku la mawe. Nafaka ikikaribia kwisha ukanda hulegea na kengele hulia, maana mawe yakizunguka matupu huharibika na kutoa cheche.

Ningependa sasa kukaa kidogo kwenye kinu kimoja ambacho hayo yote yamo ndani yake. Kipo Heckington, Lincolnshire. Mnara wake wa matofali ulijengwa mwaka 1830 kwa ajili ya Michael Hare, na mwanzoni ulikuwa na mabawa matano. Mabawa matano hutoa mzunguko laini kuliko manne, na Smeaton aliyapenda, lakini yana kasoro moja: likivunjika bawa moja, mizani hupotea na kinu husimama mpaka litengenezwe. Mwaka 1890 dhoruba ya radi ilikishika kinu hiki kutoka nyuma kabla feni haijapata muda wa kugeuza kofia. Kofia na mabawa yote yakang'olewa na kuanguka. Mnara ukabaki wazi.

Wakati huo huo, huko Skirbeck karibu na Boston, umbali wa takriban kilomita 20, kilikuwapo kinu cha akina Tuxford kilichojengwa mwaka 1813, chenye mabawa manane, kilichokuwa kinauzwa ili kivunjwe. John Pocklington alikinunua kwa pauni 72. Alivifungua kofia, mhimili, mabawa na gia, akavisafirisha, akaununua mnara uliobomoka wa Heckington, akavifunga humo. Na kufikia mwaka 1892 mabawa manane yalikuwa yanazunguka juu ya mnara ambao haukujengwa kwa ajili yake. Uzuri wa mabawa manane ni kwamba likivunjika moja, huondolewa na mwenzake wa upande wa pili, na kinu huendelea na sita, au hata na manne. Tena huanza kuzunguka kwa upepo mdogo ambao kinu cha mabawa manne hakiusikii. Pocklington alikifanyia kazi hadi alipofariki mwaka 1941, na kinu kiliendelea hadi 1946. Mwaka 1953 halmashauri ya kaunti ya Kesteven ilikinunua ili kukiokoa, na katika miaka ya 1980 kikarudi kusaga. Ndicho kinu pekee Uingereza chenye mnara na mabawa manane.

Vingine havikubahatika. Makadirio yanayotajwa mara nyingi husema Uingereza ilikuwa na vinu vya upepo takriban 10,000 katika kilele chake mwanzoni mwa karne ya 19. Injini ya mvuke haikuviua mara moja. Wasagaji wengi waliiweka kando ya kinu ili isaidie siku zisizo na upepo, na Cranbrook ilifanya hivyo mwaka 1863. Pigo kubwa lilitoka kwingine. Mwaka 1846 Bunge lilifuta sheria zilizozuia nafaka ya bei nafuu kutoka nje, na miongo michache baadaye ngano ngumu ya Amerika Kaskazini ilianza kuingia kwa meli kwa wingi. Ngano ile ilisagika vizuri zaidi kwa mitambo mipya ya roli za chuma, iliyokuwa imeendelezwa Hungaria na kuenea Uingereza miaka ya 1870 na 1880. Mitambo hiyo ilijengwa bandarini, meli zinaposhusha. Kinu cha kilimani hakikuwa tena njiani mwa nafaka. Kiliachiwa chakula cha mifugo, kisha hata hicho kikakosekana.

Mwaka 1931 chama cha kuhifadhi majengo ya kale, kilichoanzishwa na William Morris mwaka 1877, kilianzisha kitengo cha vinu vya upepo, na mhandisi Rex Wailes alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akivipima, akivipiga picha na kuwahoji wasagaji wa mwisho. Bila kazi hiyo sehemu kubwa ya niliyowaeleza leo isingejulikana.

Kuna mjadala miongoni mwa wahifadhi ambao ninyi wanafunzi mtakutana nao katika majengo ya namna nyingine pia. Wengine husema kinu kikibadilishwa mabawa, mhimili na sakafu hakiwi tena kinu cha kale, na kwamba ni heri mbao za asili ziachwe kama zilivyo, zisizunguke, ili zisichakae. Naiheshimu hoja hiyo, maana boriti ya mwaka 1627 ikishatupwa hairudi. Lakini siikubali kuwa kanuni ya vinu vyote. Mabawa yaliyoachwa tuli hukaa na bawa lile lile chini, maji hukusanyika kwenye kiungo kile kile, na mbao huoza hapo. Kofia isiyogeuka hukandamiza pete yake mahali pamoja, na siku dhoruba ikitoka nyuma haina namna ya kujitetea. Tena tangu mwanzo mabawa yalikuwa kitu cha kubadilishwa, na Heckington inatuonyesha kwamba hata kofia nzima na mitambo yake iliweza kuhama kutoka mnara mmoja hadi mwingine bila mtu kuona ajabu. Pale ambapo muundo mkuu unastahimili, naona ni sahihi kinu kizunguke na kisage.

Kuzunguka huko kunahitaji watu, na hapo ndipo ilipo shida ya sasa. Mafundi wa vinu waliobobea wamebaki wachache mno Uingereza, na kazi yao imeingizwa katika orodha ya kazi za mikono zilizo hatarini kupotea. Kinu cha Cranbrook kilipofanyiwa matengenezo makubwa mwishoni mwa miaka ya 1950, mafundi waliitwa kutoka Uholanzi. Fundi wa namna hii lazima ajue mwaloni na chuma, aweze kupanda bawa lenye urefu wa mita kumi au zaidi, achonge jino la gia, alisawazishe jiwe la tani moja, na asome anga. Hakuna kozi moja ya chuo inayomfundisha yote hayo; hujifunza kwa kufuatana na fundi mzee kwa miaka. Wapo pia wasagaji wa kujitolea, wazee kwa vijana, ambao mwisho wa juma hufungua milango, hutundika uzito kwenye mnyororo wa Cubitt, huachia breki, na kusaga ngano ya mkulima wa jirani mbele ya wageni. Vyama vyao huwafundisha wapya kwa utaratibu, kuanzia usalama wa breki, na katika vinu vyao vingi unga unaosagwa huuzwa mlangoni, na fedha yake hununua mbao za bawa linalofuata.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali yenu.